Unyayo Kwenye Tofali la Mama

Harufu ninayoikumbuka ya majira yale ya baridi ni ya vumbi lililoloweshwa. Kila Jumamosi, mji wetu mpya wa Anoka wote umefunikwa na theluji, mama alifuta nusu ya tofali kwa kitambaa chenye maji, na nyumba ikanuka mvua ya kambini, tulikokimbilia kutoka Kongo. Tulipoitwa kusafiri kuja Marekani alilifunga tofali hilo ndani ya kitenge, akaacha sufuria zake. Juu ya tofali palikuwa na unyayo wa kaka yangu Amani, alioukanyaga akiwa na miaka saba. Kule kambini baba alikuwa akifyatua matofali, na mimi ndiye niliyemchokoza Amani akanyage mabichi yaliyoanikwa. Alichapwa yeye, mimi nikacheka. Kwa kuwa alikaa kwa shangazi, karibu na shule, jina lake liliandikwa kwenye karatasi za ukimbizi za shangazi, tukaondoka bila yeye. Tuliambiwa angefuata baada ya miezi michache.

Kisha simu ya shangazi ikaacha kupokelewa. Wiki hizo hizo mwalimu alituonyesha picha za vigae vya Warumi wa kale, vilivyochimbuliwa katika jimbo lao la mbali. Kimoja kilikuwa na alama ya kwato za mbuzi, kingine vidole vya fundi, kingine unyayo wa mtoto. Kwa alama hizo, alisema, tunajua palikuwa na uwanja wenye jua, mifugo isiyofungwa, na watoto waliocheza katikati ya kazi ya wazazi. Sikuhitaji kufundishwa, ule ulikuwa uwanja wetu. Nikauliza mtoto yule aliishia wapi. Akasema hakuna ajuaye, umebaki unyayo tu.

Mjinga mimi, nikaenda kumsimulia mama.

"Na ule mtoto, jina lake nani?"

"Nobody knows, Mama."

"Wetu tunamujua jina. Dossier yake, makaratasi yake ya safari, iko njiani. Usirudilie ile maneno humu ndani."

Tangu hapo alilifuta tofali kila asubuhi, kwa nguvu. Niliona kidole cha mwisho kinafifia, nikashindwa kumwambia.

Sasa nami ni mzazi, na mama anakaa nami mjini Saint Louis Park, na tofali liko dirishani. Simu ya shangazi haikupokelewa tena. Vidole vimefutika vyote, kimebaki kisigino. Juzi mwanangu alivua soksi, akaweka mguu wake pale.

"Toa mguu," mama alimkemea. "Mjomba wako akikuja, ataweka wapi wake?"

"It won't fit, Bibi. He's a grown man now."

Sijawahi kuomba maneno ya mtoto yawe kweli kama siku ile.