Mbwa Aliyeitwa Mtakoma

Mwanangu, kabla sijakukabidhi funguo za banda hili la mbwa, kaa nikusimulie asubuhi moja ambayo nikiikumbuka moyo bado unanidunda.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza kuokota mbwa waliotelekezwa, hapa hapa Korogwe, kwenye nyumba hii iliyobaki ya kambi ya mkonge. Wengine walisema nimerogwa, na ndugu zangu wa Handeni hawakunywa hata maji kwangu. Sikujali. Jirani mmoja alipohamia Dar alimwacha mbwa wake amefungwa mlangoni, nikamchukua. Jina lake lilikuwa Mtakoma.

Unatujua watu wa huku. Ukigombana na jirani humtukani. Unafuga mbwa, unampa jina, halafu unamwita kwa sauti. Mwenye kuambiwa anasikia. Nililijua hilo tangu utoto, ila sikuwaza kwamba mwenye mbwa akihama, jina linabaki na kazi yake. Kila asubuhi nikitoka na ndoo ya uji wa dona na dagaa, nasimama karibu na ua wa minyaa, naita, "Mtakoma! Mtakoma!" Na ng'ambo ya ua aliishi Mama Zaina, mtu mzima wa heshima zake, ambaye ndiye hasa aliyelengwa na jina lile.

Mbuzi wake mdogo alipopotea, Mama Zaina alidhani mbwa wangu wamemla, akatuma neno kwamba atatupa nyama yenye sumu. Niliogopa, mwanangu. Mbwa wangu wote walikula pamoja. Nikawa naokota kila kitu uani, hata mfupa mkavu, na usingizi ukanipaa. Mzee Shekigenda, aliyekuwa akiniuzia dona, aliniona nikiokota mifupa akaniambia taratibu, "Mama wa watu unamtukana kila asubuhi, halafu unashangaa? Nenda kampe shikamoo. Jina aliweke yeye."

Nilikwenda. Mama Zaina aliitikia marahaba bila kuniangalia, akaendelea kupepeta mahindi yake. Nikamwomba ampe mbwa jina jipya. Alipepeta mpaka nikainuka kuondoka, ndipo akasema, "Mwite Pole."

Shida ikawa mbwa mwenyewe. Naita Pole, hageuki, na lile la zamani sithubutu kulitamka. Hofu yangu ikazidi, maana nilidhani Mama Zaina ataona nimempuuza.

Basi asubuhi moja naosha sufuria, nikasikia sauti yake kwenye ua, "Pole, Pole." Mbwa akatega masikio, akaenda. Mkono wa Mama Zaina ulikuwa umepita katikati ya minyaa, umeshika kitu. Nikatupa sufuria, nikakimbia. Nilipofika, mbwa alishameza.

"Usiniangalie mkono hivyo," akasema. "Ni ukoko wa ugali. Na mbuzi alishaonekana."

Nilikaa chini palepale nikalia.

Kwa hiyo mwanangu, ukiokota mbwa, kabla hujamlisha uliza jina lake lilikuwa linasema na nani, kisha uende ukamwamkie mtu huyo. Ua hauwalindi hawa. Wanaishi kwa sababu jirani ameridhia waishi. Wala sikudanganyi kwamba hofu itakwisha. Mpaka leo mtu akimwita mbwa kwenye minyaa, mimi hutazama mkono kwanza.

Mungu akupe majirani watakaokuitikia marahaba, na kila mkono utakaopita kwenye ua huu aujaze ukoko. Haya, pokea funguo.