Tulimchangia Mama aende India, daktari akauliza kuhusu mguu

Wakuu, sogezeni viti kidogo mnisikize. Haya yalitupata sisi wenyewe hapa Waithaka, Nairobi, nami nitayasema yalivyokuwa.

Nyonga ya Mama iliharibika. Kutoka kitandani hadi mlangoni alikuwa akishika ukuta.

Hospitali moja mjini ikatupa bei ya kumwekea nyonga bandia. Hatungeiweza. Hospitali ya India ikatuma yao kwa simu: karibu nusu.

Nikajiuliza, huku tunaibiwa?

Baadaye nilikuja kuelewa. Kule vifaa vingi hutengenezwa hukohuko. Sisi huagiza, na kila anayevipitisha huongeza chake. Halafu kule wagonjwa ni wengi, kwa hivyo gharama ya mashine inagawanywa kwa watu wengi. Hapa mashine kama hiyo hungoja wachache, na hao wachache ndio huilipia.

Basi, harambee. Na mnajua vile tulivyo: ukisema "India", watu hufungua mikono kuliko ukisema hospitali ya hapa mjini. Uncle Njoroge, kakake Mama, akawa mwenyekiti. Kanisa likajaa. Tiketi zikanunuliwa.

Ikabaki barua ya daktari tu, ya kumruhusu asafiri. Tukampeleka Mama kliniki mjini, masanduku yakiwa yamefungwa nyumbani.

Daktari akamfunua mguu. "Huu umevimba tangu lini?"

Sisi macho yote yalikuwa kwa nyonga.

Scan ikaonyesha damu imeganda mguuni.

"Akikaa kwa ndege saa zote hizo, hii damu inaweza kupanda mapafuni," daktari akasema polepole. "Anaweza asifike."



Uncle akanivuta pembeni, lakini sauti yake haijui pembeni. "Watu walichanga ya India! Jumapili nitasimama niwaambie nini? Tutafute daktari mwingine atuandikie hiyo barua."

"Uncle, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Na visa je, itatungoja?"

Mama akaita kutoka kitandani. "Njoroge! Walinichangia mimi ama walichangia ndege?"



Uncle akatoa simu, akampigia pasta kumwambia safari ya India imesimama.

Damu ilitibiwa kwanza, kwa wiki kadhaa. Nyonga ikawekwa hapa hapa Nairobi. Pesa nyingi za tiketi zilipotea. Kule bado kungekuwa nafuu kidogo, sitawadanganya, lakini tulipojumlisha nauli ya watu wawili, malazi, na kurudi tena kuangaliwa, tofauti ilikuwa imepungua sana. Ile bei tuliyotumiwa kwa simu ilikuwa ya upasuaji tu.

Jana Mama alinifukuza jikoni. "Toka hapo, unanizibia njia." Nilitoka nikicheka.

Mwenye mgonjwa nyumbani, andika hapa chini, tutasaidiana. Usione haya kuuliza.

Lakini kabla hujanunua tiketi, mpeleke mgonjwa kwa daktari umwulize: anaweza kusafiri?