Suruali Zilizopunguzwa Kimyakimya

Kwenye karakana ya kuchomelea milango walimwita Pande, kwa kuwa alikuwa pande la mtu kwelikweli. Alikuwa na miaka thelathini na sita, anaishi na mama yake, mke hana. Akiulizwa, hujibu kwamba bado anachomelea kitanda. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na nguo zote za Pande, toka nepi hadi ovaroli, zilipita mikononi mwake.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Pande akawa anamaliza dumu la maji kabla ya saa sita mchana, na safari za chooni zikawa haziishi. Zahanati wakampima, wakakuta sukari iko juu.

"Ni kile kisukari cha watu wazima," wakamwambia. "Meza vidonge, acha vitamu, urudi kila mwezi."

Mama akalivalia njuga. Kopo la sukari likahamia kabatini kwake, chini ya vitambaa vya wateja. Pande alimeza vidonge bila kukosa, akala alichopewa, lakini kila akirudi zahanati sukari ilikuwa palepale, au imepanda.

"Kaka, wewe unakula kwa siri," nesi alimwambia.

"Nile wapi? Mama ananilinda kuliko askari wa benki!"

Hata mama aliingiwa na shaka. Alinusa vikombe. Alipekua mifuko ya ovaroli akitafuta karatasi za peremende, akakuta vipande vya waya tu.

Lakini kuna jambo alilokuwa ameliona mapema, akalifungia moyoni: suruali zilianza kumpwaya mwanawe. Macho ya fundi ni futi. Akimwambia atashtuka, aliwaza, na mgonjwa akishtuka nusu ya nguvu zake imekwenda. Basi kila suruali zilipofuliwa, alizipitisha kwenye cherehani kabla ya kuzikunja, akapunguza kiuno kidogo, na mapaja kidogo. Mkanda Pande hakuupenda tangu utoto. Alivaa, zikamkaa vizuri. Na kioo hakukitazama. Alisema yeye hutazama chuma.

Mwezi wa tano wa kumeza vidonge, geti alilozoea kulibeba peke yake lilimshinda.

"Jamani, Pande limekuwa kipande!" wenzake wakacheka.

Naye alicheka. Alipofika nyumbani alikaa sakafuni, akashindwa kuvua viatu. Kesho yake mama alifunga cherehani, wakaenda zahanati pamoja.

Walimkuta daktari mgeni, dada mpole mwenye maswali mengi. Mzani wa pale ulikuwa umeharibika miezi mingi, kwa hiyo uzito akauuliza kwa mdomo.

"Umepungua mwili tangu uanze dawa?"

"Hapana, daktari. Nguo zangu ni zilezile, na zinanikaa sawasawa."

"Vizuri." Daktari akaanza kuandika. "Basi tutaongeza vidonge, halafu tuonane baada ya miezi miwili."

Mama akapima moyoni. Akisema, anajiumbua mbele ya mtoto. Akinyamaza, mtoto anarudi nyumbani na vidonge vilevile, na miezi miwili ni mingi kwa mtu anayeyeyuka.

"Daktari, usiandike hilo," alisema. "Nguo zinadanganya. Mimi ndiye niliyezifundisha."

Akamsimamisha mwanawe, akageuza kiuno cha suruali nje. Mishono ilikuwa imepandana kama ngazi.

"Inchi tano," akasema. "Nimepunguza inchi tano, na yeye hajui."

"Mama!" Pande alishika kiuno chake kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

Daktari akaweka kalamu chini. Aliagiza mkojo upimwe palepale, akasoma majibu, akaandika barua ya hospitali kubwa.

"Huyu hali vitamu kwa siri," alimwambia mama. "Mwili wake umekosa insulini, ndiyo maana unajila wenyewe. Msipitie nyumbani."

Hospitali wakamwanzishia insulini siku hiyohiyo, wakachukua na damu ya vipimo vingine. Baada ya siku kadhaa jibu likaja: kinga ya mwili wake ilikuwa inashambulia kongosho, panapotengenezwa insulini. Ni kisukari ambacho wengi hudhani ni cha watoto, kumbe hata mtu mzima kinampata. Vidonge peke yake visingemtosha, hata angekula majani matupu.

Pande alisikiliza, akageukia ukutani.

"Mama, ungeniambia," alisema hatimaye.

"Ningekuambiaje? Kila asubuhi ulitoka nyumbani unapiga mluzi."

"Mluzi wenyewe nilipiga ili usijue nimechoka."

Mama akainamisha kichwa. Mwanawe akageuka, akamtazama.

"Sasa niambie. Unaona nini?"

"Naona mifupa ya mabega," mama alisema, sauti ikimkatika. "Umekonda, mwanangu. Naogopa."

"Hata mimi naogopa."

Akajisogeza kumpa mama nafasi ya kukaa kitandani. Nesi alipoingia na sindano ya insulini aliwakuta wameshikana mikono.

"Haya, leo ni somo la kuchoma," alisema. "Nani anajifunza?"

"Wote wawili," Pande akajibu.