Macho ya Mwalimu Zakaria

Harufu ya pareto inapokaushwa haifanani na harufu ya maua mengine. Ni chungu, ya vumbi na ya dawa, hukaa kooni na kuumiza kichwa, na mtu aliyelala karibu nayo utoto wake wote hawezi kuisahau hata akihamia mbali. Shambani kwetu, juu ya Molo, harufu hiyo ilitoka katika nyumba ndefu ya mabati yenye tanuri la kuni upande mmoja na vichanja vya waya vilivyopangwa kimoja juu ya kingine hadi darini. Asubuhi akina mama walichuma maua ndani ya ukungu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na sisi watoto tulibeba vikapu hadi mlangoni pa nyumba hiyo. Aliyetupokea alikuwa Mwalimu Zakaria. Siku za kazi alikuwa mtunza moto, Jumapili alikuwa mwalimu wetu wa dini. Moshi ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu siku zote, yenye machozi, na watu wa laini, yaani safu ya vibanda walimoishi wafanyakazi, walimtania: "Mwalimu analilia dhambi zetu, na bado hajafika nusu." Naye hujibu, "Zako wewe peke yako zimenimaliza maji."

Mwalimu Zakaria alikuwa Mluhya kutoka upande wa Kakamega, na katika miaka ile ya hali ya hatari, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau, jambo hilo lilikuwa na uzito. Sisi Wakikuyu tulikuwa tukichekechwa kama unga. Baba alikuwa amepakiwa katika lori pamoja na wengine, akapelekwa stesheni ya Nakuru, akarudishwa kwa treni kwenye nchi aliyoiacha akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mama aliachwa kwa sababu maua hayangoji na wachumaji walikuwa wamepungua. Kaka yangu Njuguna, ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kumwota, alikuwa katika lori lile lile, lakini lilipopunguza mwendo kwenye kona aliruka, akarudi kupitia msituni. Tulimficha katika shimo la zamani la wapasuaji mbao, pembeni mwa msitu, akajifunika kwa mabanzi ya mtarakwa. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea viazi vya kuchemsha, nimevificha chini ya maua kikapuni. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja, mtoto wa haya sana. Mtu akiniuliza jina langu, niliangalia miguu yangu. Mama aliona hiyo ni bahati. "Siri ya mtungi aijuaye kata," aliniambia. "Kata ni wewe, Wambui. Ukivuja, tumekwisha."

Jumapili tulikusanyika katika ghala la mahindi, tukakaa juu ya magunia. Nilikuwa nikijiandaa kwa ubatizo, na Mwalimu alitufundisha kwa maswali na majibu, tukiimba majibu kwa pamoja.

"Mungu yuko wapi?"

"Mungu yuko kila mahali."

"Anaona nini?"

"Anaona vyote, hata vilivyofichwa."

"Hata chooni, Mwalimu?" aliuliza Kiprono, mtoto wa mchunga ng'ombe wa Bwana, yule mzungu mwenye shamba.

"Hata chooni. Ndiyo maana anajua wewe hunawi."

Ghala zima lilicheka, na Kiprono akaficha mikono yake. Mimi sikucheka. Hata vilivyofichwa. Langoni mwa shamba walikuwa wamejenga mnara wa mbao, na juu yake alisimama askari aliyeona laini nzima, lakini sisi tulipoinua macho hatukuona uso wake, ila kofia. Akiona jambo, alipuliza filimbi, na watu walikuja mbio na bunduki. Basi hivyo ndivyo nilivyomfahamu Mungu. Yuko juu, haonekani uso, anaona shimo na mabanzi na Njuguna aliyejikunja chini yake, na siku moja atapuliza filimbi. Tena nilijua kwamba Bwana na mke wake walikwenda kanisani Nakuru kila Jumapili wakazungumza na Mungu huyo huyo kwa lugha yao. Itakuwaje akiwaambia? Nililala na wazo hilo na kuamka nalo. Kila jibu tulilojifunza lilikuwa kama mlango mwingine unaofunguliwa kwenye shimo la kaka yangu.

Mwishowe niliona ni afadhali nimtafute mtu wa kuniombea. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliamini kuwa Mwalimu, aliyemjua Mungu sana, angeweza kumsihi asiseme. Siku moja mchana, wengine walipokwisha kuweka vikapu na kuondoka, nilibaki mlangoni. Alikuwa ameshika gogo, anataka kulitia tanurini.

"Mwalimu, Mungu akimwona mtu shimoni, humwambia nani?"

"Shimo gani, mwanangu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikitazama vidole vya miguu yangu. Sikudhani kuwa ninatoa siri. Nilidhani ninazungumza na upande wa yule ambaye tayari anajua. Alilitia gogo motoni, akafunga mlango wa tanuri, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Mungu si askari, Wambui. Anaona, lakini hapulizi filimbi."

"Sasa huwa anaona kwa nini?"

Alichungulia vichanja. Maua yalikuwa yakichakarika juu ya waya kwa joto. "Labda ili mtu ambaye hakuna anayemwona awe ameonwa. Sijui sana. Mimi ni mtu wa kuni." Halafu akasema, "Kesho usiende kule. Mtoto akionekana msituni kila siku, watu watauliza. Mtunza moto akienda kukata kuni, nani atauliza?"

Tangu siku hiyo nilileta kikapu mlangoni, naye alifunua maua, akachukua viazi, akasema kwa sauti, "Kikapu kizuri hiki." Sikumwambia mama kwamba kata imevuja. Kwa mara ya kwanza tangu baba achukuliwe nililala usingizi mzito, kama mtu aliyetua mzigo, na sikujiuliza mzigo ule sasa ulikuwa juu ya bega la nani.

Mvua za masika zilipokuwa zikiishia, askari walikuja na mbwa. Njuguna aliwasikia mapema, akakimbilia juu, ndani kabisa ya msitu wa Mau. Shimoni walikuta maganda ya viazi na gunia lenye alama nyekundu, kama magunia yote ya nyumba ya kukaushia. Tulipangwa mstari mbele ya nyumba ile, wakubwa kwa wadogo. Afisa wa kizungu, kijana, alikaa juu ya gari akivuta sigara, na karani wake Mwafrika ndiye aliyeuliza maswali. Wakubwa wote walisema hawajui. Mzee mmoja alipigwa kofi, akasema tena hajui. Ndipo karani akatabasamu.

"Watoto wa dini watatuambia. Watoto wa dini hawasemi uongo." Akapita mbele yetu polepole, akasimama kwangu. "Wewe, kasichana. Mungu anakuona?"

"Ananiona," nilisema.

"Haya. Nani alikuwa akimlisha yule mtu?"

Sikufungua mdomo. Hilo nitaapa hata leo. Lakini macho hayana pazia. Macho yangu, ambayo maisha yote yalikuwa yakikimbilia miguuni, siku ile yaliinuka yenyewe yakaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Zakaria, kama mtoto anavyomkimbilia mtu wa kumwokoa. Karani akageuka kuona yalikokwenda.

"Zakaria? Wewe Mluhya, una nini na watu hawa?"

Mwalimu alitoka kwenye mstari. Hakunitazama. "Kijana alikuwa na njaa," alisema. "Mtoto huyo mwacheni, hajui kitu. Ni mimi peke yangu."

"Na wewe si ndiye mwalimu wa dini?"

"Ndiyo maana."

Walimpiga kwa kitako cha bunduki akaanguka kwenye matope yenye maua yaliyomwagika. Walipokuwa wakimpandisha kwenye lori aligeuka, akamwambia aliyekuwa karibu, "Angalieni moto. Ukizidi, maua yataungua." Hakuna aliyeuangalia. Mchana ule vichanja vyote viliungua, na harufu ya kuungua ilikaa katika nguo zetu kwa majuma.

Njuguna hakurudi. Wachunga ng'ombe walikuta koti lake msituni, basi. Mwalimu Zakaria alipelekwa Nakuru, kisha mbele zaidi. Mtu mmoja alisema alikufa kwa kifua, mwingine akasema hapana, na hakuna aliyekuja na habari ya uhakika. Mke wake alikuja kutoka kwao kuchukua sanduku lake. Mama alimkaribisha chakula. "Nani alimtaja?" aliuliza mgeni. Mama alisema hakuna aliyemtaja, ni yeye mwenyewe alisema. Mimi nilikuwa nikimmiminia maji ya kunawa, nikaangalia miguu yangu.

Baadaye kasisi alikuja kutupima kwa ajili ya ubatizo. Aliniuliza Mungu ni nani. Jibu nililijua neno kwa neno, lakini halikutoka. Yule wa kwenye mnara alikuwa ameshuka kichwani mwangu, hayupo tena. Nilipofumba macho nilimwona mtu mwenye macho mekundu kando ya moto, aliyeambiwa yote naye hakusema. Na filimbi, kumbe nilikuwa nayo mimi. Kasisi alidhani ni haya. "Usiogope, mtoto," alisema, "Mungu anakuona." Nilitoka mbio. Nilibatizwa miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto wawili.

Siku hizi naishi Nakuru kwa binti yangu. Kule juu pareto imeng'olewa, wanalima viazi, na nyumba ya mabati iliuzwa bati moja moja. Masomo yangu yalikwisha mapema, kwa hiyo kuandika haya kumenichukua majuma mengi. Kanisa letu lina vipaza sauti vinavyotikisa kifua. Mhubiri hupenda kutuamuru, "Mgeukie jirani yako! Mtazame machoni! Mwambie, Mungu anakuona!" Watu hugeukiana wakicheka, wakasema. Mjukuu wangu hunivuta mkono: "Cucu, niangalie basi." Mkono wake naushika, tena naushika sana. Lakini macho yangu hubaki kwenye viatu. Mungu simwogopi tena. Naogopa nisije nikamtazama mtu.