Mama na Ngazi za Nyuma

Nilizaliwa Kanyangi, huko Kitui, mahali ambapo mtu akipata debe la maji safi hulifunika kwa sahani ili mbuzi wasitie midomo. Miaka ya themanini ilinikuta kwenye kisiwa kidogo cha pwani, ghorofa ya saba ya jumba refu lililojengwa ukingoni kabisa mwa bahari. Mume wangu alikuwa ofisa wa forodha, mimi mwalimu. Kila familia ilimiliki nyumba yake mle ndani, na sote tulitawaliwa na kamati ya wenye nyumba. Kamati ilikuwa na sheria ya kila kitu: nguo zisianikwe barazani, jiko la makaa lisiwashwe, wafanyakazi wasipande lifti. Hiyo ya mwisho sikuijali. Mfanyakazi sikuwa naye.

Mvua zilipokosekana misimu miwili nyumbani, nilimwita mama. Alifika na kiondo cha ndengu, akasimama dirishani muda mrefu.

“Maji yote haya,” akasema kwa Kikamba, “na hayanyweki?”

“Hayanyweki, mwaitu,” nikasema; kwetu mama huitwa hivyo.

Akacheka mpaka akashika mbavu. Mama yangu alikuwa mwepesi wa kucheka.

Siku ya nne tulikuwa tunatoka sokoni. Ndani ya lifti tulimkuta mke wa mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa manukato mengi aliyewahi kunialika chai mara moja, nami nilikuwa bado naingoja mara ya pili. Alimtazama mama: miguu yenye nyufa, kiondo mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso.

“Umepata mtu wa kazi hatimaye,” akaniambia. “Anaonekana ana nguvu.”

Lifti ile ilikuwa ya polepole. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Nilitabasamu.

“Ndiyo,” nikasema. “Ametoka kwetu nyumbani.”

Nilijidanganya kwamba mama hajaelewa. Lakini alikuwa ameuza ndengu sokoni Kitui miaka mingi, na wateja wake wengi aliwauzia kwa Kiswahili. Tulipoingia ndani alitua kiondo chini, akaniuliza kisu cha kumenyea viazi kiko wapi.

Baada ya hapo nilianza kuona jambo moja lililonifurahisha. Kwa kawaida maji ya bomba hayakufika ghorofa za juu, lakini sasa pipa letu la bafuni lilikuwa limejaa kila nikirudi kutoka shuleni. Nilidhani pampu imetengenezwa. Nilipokutana na mwenyekiti, nikamshukuru. Akapokea shukrani zangu bila kusita. Mama naye alikuwa akijipaka dawa magotini. “Ni baridi ya bahari,” aliniambia. Bahari ile haikuwa na baridi yoyote, nami sikuuliza zaidi.

Ilipita karibu miezi miwili. Mlinzi wa lango alikuwa mtu mzima kutoka Kyuso, Mkamba mwenzetu. Alasiri moja alinifuata, kofia mkononi.

“Madam, usinikasirikie. Yule ni mama yako?”

“Nani amekuambia?”

“Hakuna. Mnatembea sawasawa.” Akatazama chini. “Mke wa mwenyekiti aliniambia yule ni mfanyakazi, asipande lifti. Nikamwonyesha ngazi za nyuma. Sikujua, Madam. Anateka maji kwenye tangi huku chini, anayapandisha mtungi kwa mtungi. Nikitaka kumbebea anakataa. Anasema nikionekana nitafukuzwa kazi.”

Nilizipanda ngazi zile mbio. Nilimkuta ghorofa ya nne, ameketi kwenye kidato, mtungi kando yake, anahema.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nikuambie nini? Mtu wa kazi si hufanya kazi?” Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. “Wewe ndiye unakaa na hawa watu. Mimi ni wa kupita tu.”

Niliubeba ule mtungi hadi juu, kisha nikaenda kugonga mlango wa mwenyekiti. Mkewe akafungua.

“Yule ni mama yangu mzazi,” nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Pole sana. Lakini si ni wewe mwenyewe uliyeniambia ni wa kazi?”

Nilirudi ndani nikimchukia mwanamke yule, na ubaya ni kwamba hakuwa amekosa.

Tangu siku hiyo mama aliruhusiwa lifti. Hakuipanda hata mara moja. Wiki ile ile alisema mvua imekaribia, anataka kwenda kutayarisha shamba. Alishuka kwa ngazi za nyuma, kiondo mgongoni, nami nikimfuata ghorofa zote saba.

Aliishi miaka minne zaidi. Kila nilipoenda Kanyangi alinipokea kwa furaha, akawaambia wanawake wa kanisani kwamba binti yake anakaa juu sana, na bahari yote iko chini yake. Nilikuwa nikiinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya mazishi, tukiosha sufuria za wageni, nilimweleza dada yangu mkubwa kila kitu. Hakushtuka.

“Alitusimulia siku aliyorudi,” akasema. “Akatukanya tusikuulize, usije ukaona aibu ukaacha kuja nyumbani.”

Akanisukumia sufuria nyingine, tukaendelea kuosha.