Pilau ya Arobaini ya Raudha

Bi Zaina wa Ruponda aliwapikia watu pilau kwa miaka thelathini, na karibu zote hakuzionja. Alikuwa mtu wa kufunga. Jumatatu na Alhamisi alifunga, na siku nyingine alizojiwekea mwenyewe, na shughuli za watu zikawa zinaangukia siku zake kama kwa makusudi. Wapo waliomwambia kuwa ncha ya ulimi haivunji swaumu. Alisema yeye na Mungu wake hawapitiani mlango wa nyuma, basi, akatafuta ulimi wa kuazima.

Zamani ulimi huo ulikuwa wangu, mimi Sikudhani, jirani yake na mmenyaji wake wa vitunguu. Alipopata mjukuu wa kumwonjea akaniachisha kazi. Binti yake Samia anafanya kazi mgahawani Ruangwa mjini, akamleta mtoto kwa bibi yake mara tu alipomwachisha ziwa. Mtoto akiitwa Raudha. Alipofika miaka sita, kila sufuria ikichemka utasikia, "Raudha, njoo unionjee chumvi." Anatafuna taratibu, macho juu, halafu anasema "bado" au "imetosha". Zaina alimwamini kuliko alivyowahi kuniamini mimi, na sitadanganya, niliona wivu kwa mtoto mdogo.

Mume wa Zaina, Mzee Bashiri, alikuwa mchinjaji. Tangu wafugaji wa kutoka kule Ziwani walipohamia upande wa Chiola na ng'ombe zao, kazi yake iliongezeka. Ng'ombe wao akianguka kwa ugonjwa wanamtuma mtu mbio kumwita, ili amchinje kabla hajafa. Sisi tunaita kuwahi. Akiwahiwa ni halali, nyama inauzwa kwa majirani kwa bei ya kutupa. Asipowahiwa ni nyamafu, hakuna Mwislamu atakayeigusa. Watu humfuata Bashiri na mifuko, lakini hawasogei karibu. Wanangoja aseme, "Nimemuwahi." Akishasema, nani amuulize mtu mzima kama ni kweli?

Siku moja alikwenda kwa mfugaji mmoja aitwaye Lubasha, ambaye mtamba wake alikuwa ameanguka. Kesho yake kulikuwa na hitima ya watu mia na zaidi, na mpishi alikuwa Zaina. Bashiri alirudi na nyama jioni, akasema amemuwahi. Asubuhi Zaina akaikata, akaibandika, na pande la kwanza lilipotokota kidogo tu akamwita mtoto aonje. "Imetosha," Raudha alisema.

Siku ya tatu tumbo lilimvimba akatapika damu. Hospitali ya Nachingwea walipelekwa wanane siku ile, wengine wana vidonda vyeusi mikononi. Daktari akasema ni kimeta, maradhi ya ng'ombe yanayokaa kwenye damu. Saba walirudi nyumbani kwa miguu yao. Raudha alirudishwa amefunikwa.

Maofisa wa mifugo walikuja wakafukia mabaki na kupiga marufuku kuchinja. Kijiji nacho kikatafuta wa kumlaumu, na mgeni hakosi ubaya. Tulisema Lubasha ametuuzia mzoga huku akijua. Faridi, mtoto wa kaka yake Zaina, alikuwa wa kwanza kusema arobaini ikipita tu vijana wataenda kuchoma boma. Ndani ya boma lile kuna Lubasha, mke wake Getruda na watoto wanane. Mimi pia nilisema waende. Nilisema kisimani, kwa sauti, na wenzangu wakaitikia.

Arobaini ikaangukia Alhamisi. Tulimwambia Zaina apumzike, wapike wengine, akakataa. Bashiri akamwambia marufuku ni ya ng'ombe na mbuzi, kuku wapo, atamchinjia kumi.

"Kisu chako hakiingii kwenye sufuria yangu tena," Zaina alimwambia.

Bashiri akainama, akatoka. Mimi nikadhani ni uchungu wa msiba tu unaosema.

Alipika pilau isiyo na nyama. Usiku alikuwa ameloweka mbaazi, alfajiri akazichemsha na kuyaweka maji yake pembeni, maana pilau bila supu huwa wali tu. Vitunguu alivikaanga mpaka vikakaribia kuungua, ili rangi ipatikane. Akatia thomu, tangawizi, bizari, mdalasini na iliki, kisha korosho zilizovunjika, zile ambazo mnunuzi hazitaki, akazikaanga mpaka zikawa nyekundu. Uyoga mkavu aliokuwa ameutunza tangu masika akaukata vipande vikubwa vikubwa, ukubwa uleule aliozoea kukatia nyama. Harufu yake ilinitoa machozi kwa kuwa ilikuwa pilau kabisa.

Mchele ulipoanza kunywa maji akanigeukia.

"Mdogo wangu, nionjee chumvi."

Nilichota kwa mwiko, nikapeleka mdomoni, na midomo nikaibana. Niliogopa. Niliogopa mkono wa mwanamke niliyekula kwake tangu nikiwa bibi harusi.

"Imetosha," nikasema.

Aliniangalia, akafunika sufuria, akapalia makaa juu ya mfuniko.

Dua ilipokwisha masinia yakapelekwa kwenye mikeka ya wanaume. Faridi akapekua wali kwa vidole.

"Shangazi, nyama iko wapi?"

Zaina alikwenda akasimama mbele ya mikeka yao, jambo ambalo kwetu mwanamke halifanyi.

"Hakuna nyama, na leo nitawaambia kwa nini. Lubasha hakuuza mzoga. Alimwambia mume wangu, mzee, huyu ameshakata roho, tumzike. Bashiri akapitisha kisu kwenye shingo ya mnyama aliyekufa, kwa sababu mimi nilimwambia kuna hitima, asirudi mikono mitupu. Haya aliniambia alipotoka makaburini. Lakini mimi nilijua kabla ya hapo. Nimekata nyama miaka thelathini. Ile damu yake ilikuwa nyeusi, imeganda humohumo ndani. Nikaosha, nikabandika. Nikamwita mtoto. Mkitaka boma la kuchoma, ni hili hapa."

Watu wote waligeuka kumtazama Bashiri. Alikaa mwisho wa mkeka, mikono juu ya magoti.

"Ni kweli," alisema.

Samia alikuwa kwetu upande wa wanawake. Aliinuka, akachukua mkoba wake ndani, akampita mama yake bila kumtazama, akashika njia ya stendi. Zaina hakumwita. Faridi akafuta vidole vyake kwenye mkeka. Mmoja akasema ana mgonjwa nyumbani, mwingine akasema mvua inakuja, na mvua haikuwepo. Hata wale wasiokuwa na sababu wakaondoka. Boma la Lubasha halikuchomwa siku hiyo wala baadaye, nalijua hilo, na hakuna aliyekwenda kumwomba radhi, nalo nalijua.

Masinia yalirudi kama yalivyokwenda. Bashiri aliingia ndani akafunga mlango. Tulibaki wawili jikoni, mimi na Zaina, na sufuria tatu zilizojaa. Jua lilikuwa bado juu, magharibi mbali.

Akakaa kwenye kigoda, akafunua sufuria, akachota kwa mkono wake wa kulia, akala. Alikuwa amefunga, na sikuwahi kumwona akifungua mchana tangu nimjue. Alitafuna taratibu, macho juu, kama mtoto yule.

"Sikudhani," alisema, "ulionja?"

Nilinyoosha mkono nikachota, nikala mbele yake. Alikuwa amesahau kutia chumvi kabisa.