Saa Mbili Asubuhi Iliyofukia Majibu ya Kilema

Ni saa tano na robo asubuhi. Mwendesha bodaboda aliyeshuka kutoka Kilema ameegesha pikipiki nje ya maabara moja ya utafiti mjini Moshi. Anafungua kamba iliyoshikilia kisanduku cha barafu, na kabla hajakifikisha mezani, Mwamvita Shakiru ameshakipokea.

Ndani mna vikopo sita vya makohozi, kila kimoja na fomu yake ya karatasi. Vikopo Mwamvita havigusi, hiyo ni kazi ya wengine. Yeye anachukua fomu, anaweka kidole mahali palipoandikwa "Saa", kisha anapiga simu.

"Dada Agness, hii ya tatu umeandika saa moja na nusu. Ni ya asubuhi?"

Sauti ya muuguzi wa zahanati ya Kilema inasikika hadi nilipokaa. "Jamani, Mwamvita! Ya asubuhi, ndiyo. Nani atakuja kukohoa kwenye kikopo jioni?"

"Najua, dada. Nauliza tu."

Anauliza hivyo kila kisanduku kinapofika, na muuguzi humcheka kila mara. Mimi nami nilicheka, nikadhani nimekutana na karani mmoja wa wale wanaopenda kusumbua watu. Aliponieleza sababu nilijionea aibu.

Mwamvita ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Pasua na bado anaishi hapo. Baba yake alikuwa fundi baiskeli aliyetoka Kondoa, mama yake ni Mpare wa Same, na Kichagga alijifunza kwa wateja wa baba. Aliajiriwa na maabara hii miaka tisa iliyopita kuwa karani wa takwimu, yeye na wenzake wanne.

Kazi yao ilikuwa kuingiza fomu kwenye kompyuta. Fomu zilitoka zahanati kumi na moja, za mjini na za milimani, na kwa siku kila karani aliingiza hadi sitini. Ni kazi ya kuumiza mgongo na macho, na haina wa kuisifia.

Maabara yenyewe inashughulika na kifua kikuu. Kipimo cha haraka kinachotumika kwenye vituo vingi huonyesha kama mtu anaumwa, na kama vimelea vyake vimekuwa sugu kwa dawa moja kuu. Lakini dawa za kifua kikuu ni kadhaa. Ili kujua zote kwa pamoja, lazima vinasaba vya kimelea visomwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, herufi zaidi ya milioni nne.

Kusoma kunafanywa na mashine. Kuelewa kilichosomwa ndiko kulikokuwa kunakula siku. Mtaalamu alikaa na kompyuta akachuja herufi mbovu, akazipanga, akalinganisha na za kimelea kinachojulikana, akatafuta badiliko linalozuia dawa isifanye kazi. Mgonjwa mmoja angeweza kumaliza siku mbili.

Mwezi wa kwanza mwaka huu hayo yote yalifungwa pamoja yakawa kitu kimoja kinachojiendesha. Fomu inapigwa picha, kompyuta inasoma mwandiko, inachukua herufi kutoka kwenye mashine, inachuja, inalinganisha, na mchana huohuo inatoa ripoti ya nusu ukurasa. Hakuna mkono wa mtu. Pale maabara wanaiita mfongo, kwa jina la mifereji ya wazee inayoshusha maji kutoka msituni hadi vihambani, kwenye migomba ya kila nyumba.

"Tulipiga makofi," anakumbuka Mwamvita. "Halafu mwisho wa mwezi wenzangu wanne mikataba yao haikuongezwa. Mimi nikaambiwa nibaki, niuangalie mfongo."

Kuuangalia maana yake ilikuwa kukaa mbele ya kioo na kuona taa za kijani. Kama zote ni za kijani, kazi imekwisha. Kwa miezi mitano zilikuwa za kijani.

Juni, siku ya Jumanne, Agness alipiga simu kutoka Kilema. Hakuwa na hasira, anasema Mwamvita, alikuwa kama mtu anayeuliza habari za jirani aliyehama. "Mmetususa? Tunatuma makohozi tangu mwaka uanze, majibu ya vinasaba hatujaona hata moja. Au huku kwetu hakuna ugonjwa wa maana?"

Mwamvita akafungua ripoti. Zahanati ya Njoro ipo. Pasua ipo. Kilema imeandikwa sifuri, mwezi wa kwanza sifuri, wa pili sifuri, hadi wa tano. Akatafuta hadi akakuta jalada ambalo hakuna aliyewahi kulifungua, linaloitwa "Zilizokataliwa". Mlikuwa na sampuli mia moja arobaini na tatu. Zote za Kilema.

Sababu ilikuwa ileile kwa kila moja: muda umezidi. Mradi wa utafiti una sharti kwamba makohozi yakikaa zaidi ya saa sita kabla ya kufika maabara, majibu yake hayaaminiki. Mfongo ulikuwa umeagizwa uyaweke kando na kuendelea na kazi. Uliagizwa hivyo, na ukatii.

"Nikajiuliza, saa sita za nini? Pikipiki kutoka Kilema haimalizi hata saa mbili," anasema. "Nikafungua ya kwanza. Kompyuta imeandika: yamechukuliwa saa nane usiku. Ya pili, saa saba na nusu usiku. Ya tatu, saa tisa usiku. Nikacheka, wallahi. Nikasema hawa watu wa Kilema wanakwenda kukoholea vikopo usiku wa manane? Halafu nikaacha kucheka."

Zahanati nyingine zote zinatumia simu ambayo hujaza saa yenyewe. Kilema mtandao hushika na kuachia, kwa hiyo Agness anaandika kwa kalamu. Mgonjwa akija saa mbili asubuhi, anaandika saa 2:00, kama ambavyo mimi na wewe tungeandika, na kama alivyofundishwa na mama yake. Kompyuta haikulelewa na mama yule. Kwake 2:00 ni saa nane za usiku, na kisanduku kikifika saa tano na robo, ni zaidi ya saa tisa zimepita.

Nilimwuliza mbona zamani halikutokea. Mwamvita alijinyooshea kidole.

"Kwa sababu nilikuwepo mimi. Jicho linaona saa mbili, mkono unaandika 8:00 ya kizungu. Miaka minane nimefanya hivyo na sikujua kama nafanya. Mtu akikwambia saa mbili asubuhi, unajiuliza nini?"

Aliyeutengeneza mfongo ni Filemon, mtaalamu wa kompyuta, mtoto wa Marangu mwenye ndevu chache na maneno machache zaidi. Anasema kabla hajaanza kazi alikaa na makarani na kuwauliza wanafanya nini wanapopokea fomu.

"Mwamvita alinijibu, 'Naandika kilichopo tu.' Nikaandika hivyo kwenye daftari langu," anasema Filemon. "Na mimi mwenyewe ugali nakula saa saba mchana! Nikitoka nje ya mlango huu nina saa ya kwetu. Nikikaa kwenye kiti hiki saa inageuka yenyewe, sihisi hata kidogo."

Mazoea yana taabu, walisema wahenga. Tumesomesha kompyuta herufi milioni nne za kimelea kisichoonekana kwa macho, na katika watu wote wale wenye shahada hakuna aliyekumbuka kuiambia kwamba kwetu jua likichomoza tunaanza kuhesabu moja.

Kilichobaki kiliwatia hofu zaidi. Mashine ilikuwa imeshasoma vinasaba vya sampuli zote zile. Majibu yalikuwa yamelala humo humo, hayajafunguliwa. Na huko Kilema watu walikuwa wanameza dawa zilezile za kawaida, na hakuna aliyejua kama kwa wote zinafanya kazi.

Filemon alirekebisha sharti asubuhi ya Jumatano, akaziachia sampuli zote kuanzia saa nne. Hadi saa kumi jioni ripoti zilikuwa zimekwisha kutoka. Mwamvita alizisoma moja moja, kwa sauti, kidole kikiwa kwenye kioo, kwa kuwa hakuwa na imani tena na taa za kijani.

Wanne walikuwa na vimelea sugu kwa dawa ambayo kipimo cha haraka hakiiangalii. Wanne waliokuwa wakipewa dawa isiyowasaidia.

Fomu za mradi hazina majina, zina namba. Majina yako kwenye daftari la Agness. Mwamvita alipiga simu palepale, akasoma namba ya kwanza. Agness akasema huyo yupo, atamfuata leo. Ya pili, yupo. Ya tatu, yupo, anakaa karibu na misheni.

"Na ya nne, namba sitini na moja?"

"Nikasikia kurasa zinafunuliwa," anasema Mwamvita. "Halafu kimya. Nikadhani mtandao umekata. Nikaita, dada, dada? Akaniambia, 'Sitini na moja ni Valerian. Tumemzika mwezi uliopita.'"

Hapa alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Nilifunga daftari. Aliniambia nilifungue.

Valerian alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini, akaanza kukohoa, akarudi nyumbani kwa mama yake na binti yake mdogo. Alitoa makohozi mwezi wa tatu, saa mbili asubuhi. Alimeza dawa bila kuacha hata siku moja. Alikufa mwezi wa tano.

Daktari wa mradi hataki kuapa kwamba angepona. Alikuja akiwa amechelewa na mapafu yalikuwa yameharibika, anasema. Lakini anakiri kwamba angebadilishiwa dawa mwezi uleule wa tatu. Niliuandika ukweli huo kama alivyousema, na bado unanikera.

Uongozi ulipanga timu ya kwenda kuieleza familia. Mwamvita hakuwamo. Aliomba awemo. Mkuu wake alimwambia si kazi ya karani, naye akajibu kwamba kosa ndilo lililokuwa kazi ya karani.

Agness aliwaongoza hadi nyumbani, wakamkuta Odilia, mama yake Valerian, akimenya ndizi za kupika mtori. Kaburi liko palepale kihambani, udongo wake haujashuka bado, na msalaba wa mbao umeandikwa kwa rangi ya mafuta.

"Shikamoo, mama," alisema Mwamvita.

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Daktari alieleza kwa lugha nzuri. Odilia alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kumenya. Alipomaliza daktari, aligeuka kwa Mwamvita, labda kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akilia.

"Kwa hiyo majibu ya mwanangu yalikuwepo?"

"Yalikuwepo, mama."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Unayo hapo?"

Alikuwa nayo kwenye mkoba. Odilia akaweka kisu chini. "Nisomee."

Mwamvita akasoma. Namba, tarehe, jina refu la dawa iliyoshindwa. Mstari wa mwisho kompyuta huuandika yenyewe kila inapokuta usugu, nao ulikuwa umechapwa kwa herufi nzito: Mgonjwa abadilishiwe dawa mara moja.

"Nilitaka niuruke," anasema. "Nikaona nimeshaficha vya kutosha. Nikausoma."

Odilia hakupiga kelele. Alisema, "Ruwa," ndiyo kusema Mungu, mara moja tu, kisha akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelitarajia. "Na huyu?"

Martha, binti wa Valerian mwenye miaka mitano, alikuwa amesimama mlangoni. Kwa kuwa aliishi na mgonjwa, naye alipewa vidonge vya kumkinga. Kila asubuhi bibi yake alikuwa akimsagia na kumtilia kwenye uji, bila kukosa.

Agness aligeuka akamtazama daktari, na daktari akaitazama tena ile karatasi. Vidonge vya kinga alivyokuwa akipewa mtoto vilikuwa ni dawa ileile iliyoshindwa na kimelea cha baba yake. Bibi alikuwa amemkinga mjukuu kwa dawa isiyomkinga, kwa uaminifu wote, tangu mwezi wa nne.

Mtoto alipelekwa Moshi siku ileile kupigwa picha ya kifua. Picha ilikuwa safi. Akabadilishiwa vidonge, vya kumeza kila siku kwa miezi minne, kufuatana na ile ripoti.

Nilipanda Kilema kumwona Odilia na kumwomba ruhusa ya kuandika majina. Alikubali, kwa sharti kwamba nisimwandike Agness vibaya. "Huyo ameandika saa ya watu," alisema. "Mwanangu mlichelewa. Jibu lake mpeni mtoto wake, ni urithi wake. Shamba lenyewe dogo."

Sasa mfongo unasimama. Ukikuta saa iliyoandikwa kwa mkono unawasha taa nyekundu, na hauendelei hadi mtu aseme ni asubuhi au jioni. Mtu huyo ni Mwamvita. Jalada la zilizokataliwa analifungua kila siku kabla ya chai. Makarani wawili kati ya wale wanne wameitwa warudi, na Filemon ameanza kuwauliza upya wanachofanya. Safari hii anakaa nyuma yao na kuangalia mikono.

Mwamvita ameomba nafasi ya kwenda kusomea takwimu za afya, lakini hilo analisema kwa kifupi, kama jambo la baadaye. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anapanda Kilema kwa nauli yake, anakaa jikoni kwa Odilia, anahesabu vidonge vilivyobaki. Vya mwezi mmoja na nusu bado.

Nilimwuliza kama Odilia amemsamehe.

"Sijamwuliza, wala siombi anisamehe," alisema. "Naomba Martha asikohoe."